Siku ya Vita na Siku za Mazoezi

Wazee wetu husema, Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumfariji mtu aliyeshindwa siku ya kujaribiwa kwake: mwanafunzi aliyeanguka mtihani, fundi aliyeharibu kazi mbele ya mwenye nyumba, mwimbaji aliyesahau maneno mbele ya watu. Twamwambia kuwa ilikuwa siku yake tu, wala hapana wa kulaumiwa. Faraja ni njema, nasi hatuitupi. Lakini, ndugu wasomaji, yafaa tuulize: je, ni kweli kwamba miti iliteleza siku ile moja tu? Au huenda ilikuwa ikiteleza siku zote, ila nyani hakuwa amepata kuirukia kwa nguvu?

Katika habari za kale mna kisa kimoja kiwezacho kutusaidia kulipima jambo hili. Vyombo vilivyopigana vilikuwa karibu sawa, na ushujaa ulikuwako pande zote mbili. Tofauti iliyo kubwa ilikuwa katika namna watu walivyojizoeza kabla ya siku yenyewe. Ni kisa cha manowari za Uingereza na za Marekani katika vita vilivyoanza mwezi wa Juni mwaka 1812. Hatukieleza kwa kusifu vita, maana vita havina macho, nao waliokufa walikuwa na mama zao kwao. Twakieleza kwa sababu mambo ya mazoezi yaonekana humo waziwazi kuliko mahali pengi.

Kwanza yatupasa kujua hali ya Waingereza baharini siku zile. Mwaka 1805 walikuwa wamewashinda Wafaransa na Wahispania karibu na rasi ya Trafalgar. Tangu hapo adui zao wengi walifungiwa bandarini, wala hawakuthubutu kutoka mara kwa mara. Manowari za Uingereza zikawa zikizunguka baharini mwezi hata mwezi bila kupata vita vikubwa. Katika vyombo vingi manahodha wakaanza kutia bidii katika mambo yaonekanayo kwa macho: shaba ing'ae, sitaha iwe nyeupe, matanga yafungwe upesi kuliko ya chombo cha jirani. Kupiga mizinga kwa shabaha kulipungua. Baruti na risasi zilikuwa mali ya Serikali, nazo zilitolewa kwa kipimo. Na moshi wa baruti huchafua mbao na rangi. Nahodha aliyependa chombo safi hakuona faida ya kukichafua bure.

Hapo ndipo vita na Marekani vilipoanza. Waingereza wengi walidhani kwamba taifa lile changa, lenye manowari chache, lingeshindwa kwa muda mfupi. Haikuwa hivyo. Tarehe 19 Agosti 1812 manowari yao Guerriere ilishindwa na manowari ya Wamarekani iitwayo Constitution. Tarehe 25 Oktoba manowari Macedonian ilitekwa na United States. Na tarehe 29 Desemba, karibu na pwani ya Brazil, Constitution ilishinda tena, safari hii manowari Java. Haki yataka tuseme kwamba manowari za Wamarekani katika vita hivyo vitatu zilikuwa kubwa zaidi. Mizinga yao mikuu ilitupa risasi za ratili 24, na ya Waingereza ilitupa risasi za ratili 18. Mwenye nguvu kupita mwenzake ana fungu la kwanza la ushindi hata kabla ya kuanza.

Walakini habari za Java zina neno la kutufundisha. Chombo hiki kilitoka Uingereza mwezi wa Novemba 1812 kwenda Bara Hindi, chini ya nahodha Henry Lambert. Mabaharia wake walikuwa wamekusanywa karibuni, na wengi hawakupata kuwamo katika manowari. Katika safari ile yote hawakuzoezwa mizinga ila mara moja, tarehe 28 Desemba, ndiyo siku moja kabla ya vita. Nayo mazoezi hayo yalikuwa ya namna gani? Walipiga mizinga mara sita kwa baruti tupu isiyo na risasi. Masikio yalisikia mshindo, macho yaliona moshi, lakini hapana mtu hata mmoja aliyeweza kujua kama mzinga wake ungepiga kitu au la. Kesho yake walipigana kishujaa kwa muda wa saa tatu na zaidi, nahodha wao akapata jeraha lililomwua, na chombo kikaharibika hata Wamarekani wakakichoma moto. Mtu asiseme kwamba hawakufanya mazoezi. Waliyafanya, lakini yalikuwa mazoezi ya mshindo.

Kisa cha pili ni cha chombo kidogo kilichoitwa Peacock, nalo ni jina la ndege yule tausi. Kilistahili jina lake. Kilisifiwa kwa uzuri na usafi mpaka mabaharia wa vyombo vingine wakakifananisha na jahazi la anasa. Tarehe 24 Februari 1813, karibu na mlango wa mto Demerara katika Amerika ya Kusini, kilikutana na chombo cha Wamarekani kiitwacho Hornet, ambacho nahodha wake alikuwa James Lawrence. Vita havikutimiza robo ya saa. Risasi za Peacock zilipita juu, zikakata kamba na matanga, na mwili wa Hornet haukuguswa ila kidogo sana. Peacock ilitobolewa ikazama, na nahodha wake William Peake akauawa. Baadaye baraza ya kijeshi ilikaa kuwahukumu waliosalia. Haikuwaona na hatia ya woga. Ilisema kwamba chanzo cha kushindwa ni kukosa ustadi wa kuelekeza mizinga, kwa kuwa katika miaka mitatu iliyopita watu wa chombo kile hawakuzoezwa. Basi miaka mitatu ya kung'arisha shaba ililipwa kwa muda usiotimia robo ya saa.

Sasa tumtazame mtu aliyefanya vingine. Jina lake ni Philip Broke, aliyezaliwa mwaka 1776 katika jimbo la Suffolk. Mwaka 1806 alipewa manowari mpya iitwayo Shannon, akakaa nayo miaka saba. Hakuwa amepata sifa kubwa ya vita, wala Serikali haikumpa mali zaidi ya wenzake. Lakini alikuwa na swali moja moyoni: siku ya vita mtu wangu atatakiwa kufanya nini, na nifanyeje ili leo afanye jambo lile lile?

Siku zile mzinga wa manowari haukuwa na kitu cha kulengea. Mpigaji alitazama juu ya chuma kinene nyuma na chembamba mbele, akakisia. Broke alitia vya kulengea katika mizinga yake kwa fedha zake mwenyewe. Tena alichora alama za pembe katika mbao za sitaha nyuma ya kila mzinga, ili mizinga yote iweze kuelekezwa mahali pamoja kwa amri moja, hata kama wapigaji hawamwoni adui kwa sababu ya moshi. Maana alijua kwamba siku ya vita moshi utakuwapo, naye hakutaka watu wake wauone kuwa jambo geni.

Kisha akaweka desturi. Asubuhi, hali ya bahari ikiruhusu, watu walizoezwa mizinga kwa muda wa saa moja na nusu. Alasiri walizoezwa bunduki, panga na mikuki kwa muda kama huo. Mara mbili kwa juma walipiga shabaha kwa baruti na risasi za kweli. Mtu aliyepiga katikati ya shabaha alipewa ratili moja ya tumbaku. Baruti ya Serikali haikutosha kwa kazi hiyo, na Broke alinunua nyingine kwa mali yake. Tena mara nyingine, bila kumwonya mtu, aliamuru pipa litupwe baharini, na papo hapo akataka mzinga fulani ulizamishe. Chombo kinayumba, pipa linaelea na kupotea nyuma ya wimbi, na mpigaji hana nafasi ya kufikiri sana. Ama alipige, ama wenzake wote waone kwamba amelikosa.

Wasomaji na watazame mambo haya vizuri. Katika mazoezi ya Shannon mtu alipata jibu la kazi yake mara ile ile: pipa limevunjika au halikuvunjika. Katika mazoezi ya Java hapakuwa na jibu. Katika Peacock jibu lilikuwa kung'aa kwa shaba, na shaba haimjui adui.

Kuna neno jingine juu ya Broke ambalo si watu wengi wangaliweza kulitenda. Siku zile chombo cha adui kikitekwa kiliuzwa, na fedha zake ziligawiwa nahodha na mabaharia. Watu wengi walitajirika hivyo. Lakini kukipeleka bandarini kulitaka kuwatoa mabaharia kadhaa wakisafirishe. Broke hakutaka kuwatawanya watu aliokwisha kuwazoeza pamoja. Kwa hiyo vyombo vingi alivyoviteka alivichoma moto, akaipoteza fedha ile ili aikamilishe jamaa yake ya kazi.

Mwaka 1813 Shannon ilikuwa ikilinda mlango wa bandari ya Boston. Ndani ya bandari palikuwa na manowari ya Wamarekani iitwayo Chesapeake. Vyombo hivi viwili vilikuwa karibu sawa kwa ukubwa na kwa mizinga. Mizinga mikuu ya vyote viwili ilitupa risasi za ratili 18, na Chesapeake ilizidi kidogo kwa hesabu ya watu. Nahodha wake alikuwa mpya. Naye alikuwa ni nani? Ni yule yule James Lawrence aliyeizamisha Peacock, kijana wa miaka 31, hodari na mwenye sifa, aliyepewa Chesapeake mwezi wa Mei.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chetu. Mwezi wa Februari Lawrence alishinda akiwa na watu aliowazoea, nao wamezoea mizinga yao. Mwezi wa Juni alikuwa mtu yule yule, kwa akili ile ile na moyo ule ule, lakini juu ya chombo kigeni. Wengi wa mabaharia wake walikuwa mabaharia wa kweli, ila hawakuwa wamefanya kazi pamoja naye. Maofisa kadhaa walikuwa wageni katika vyeo vyao, na msaidizi wake mkuu, Augustus Ludlow, alikuwa na miaka 21. Kila mtu peke yake aliijua kazi yake. Wote pamoja hawakuwa wamejuana.

Broke aliiondoa manowari nyingine iliyokuwa pamoja naye, ili vita viwe vya mmoja kwa mmoja, akamwandikia Lawrence barua ya kumwita. Lawrence hakuipata, alikuwa amekwisha tweka matanga. Alasiri ya tarehe 1 Juni 1813 Chesapeake ilitoka, na watu wengi wa Boston wakaenda kutazama, wakitumaini kuandaa karamu ya ushindi jioni. Wamarekani walipokaribia walipiga vigelegele mara tatu. Broke alikuwa amewaagiza watu wake wasipige kelele, waende kwenye mizinga yao kimya, kila mzinga usipigwe mpaka umelengwa sawasawa.

Karibu na saa kumi na mbili ya jioni vyombo vilikuwa sambamba, mwendo wa kutupa jiwe. Mizinga ya Shannon ikaanza kupiga mmoja mmoja, kila mmoja ulipomfikia adui, kama ilivyokuwa desturi yake ya kila juma. Katika dakika chache usukani wa Chesapeake ulivunjwa na washika usukani wakauawa. Maofisa waliokuwa juu ya sitaha ya nyuma wakaanguka karibu wote. Lawrence akapigwa risasi, akachukuliwa chini akiwa katika kufa, akiwasihi watu wake wasikitoe chombo. Lakini chombo kisicho na usukani hakina hiari. Kikageuka, tezi yake ikagonga ubavu wa Shannon, na Broke mwenyewe akawaongoza watu wake kukirukia. Tangu mzinga wa kwanza mpaka bendera ya Marekani kushushwa, watu husema zilipita dakika 11. Wengine husema 15. Katika muda huo watu zaidi ya 200 wa pande zote mbili waliuawa au kujeruhiwa. Lawrence alikufa tarehe 4 Juni, na Ludlow baada yake.

Huenda mtu akasema, Aliyeshinda ni Broke, naye alikuwa mtu wa pekee. Na atazame yaliyofuata. Katika kuirukia Chesapeake, Broke alikatwa kichwani kwa upanga, akaanguka karibu na kufa. Msaidizi wake mkuu, luteni George Watt, aliuawa. Basi chombo kilibaki bila kichwa chake cha kwanza wala cha pili. Amri ikamwangukia luteni Provo Wallis, mwenye umri wa miaka 22, akaipeleka Shannon pamoja na mateka yake mpaka bandari ya Halifax, akafika tarehe 6 Juni salama. Kazi haikusimama alipoanguka mkuu, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa wengi. Mwalimu awaye yote angependa isemwe hivyo juu ya darasa lake siku asipokuwapo.

Tena tusifiche neno la huzuni. Luteni Watt aliuawa na mizinga ya chombo chake mwenyewe. Alipokuwa akipandisha bendera ya Uingereza juu ya Chesapeake, kamba zilichanganyika, na bendera ya Marekani ikaonekana juu ya ile ya Uingereza. Wapigaji wa Shannon walidhani adui bado anashika chombo, wakapiga, na Watt akaanguka pamoja na watu wengine kadhaa. Twajifunza kwamba hata mazoezi mema hayafiki kila mahali. Mkono uliozoezwa hutenda upesi, na kwa sababu hiyo hutenda upesi hata pale macho yalipodanganywa. Basi anayezoeza watu kutenda na awazoeze pia kungoja na kutambua.

Sasa turudi kwetu shuleni, maana ndiko tuliko. Sisi walimu twapenda sana neno mazoezi. Twalihesabu kwa kurasa na kwa saa: leo wamefanya hesabu ishirini, jana thelathini. Lakini kisa hiki chatuonya kwamba hesabu ya mazoezi ni neno moja, na namna ya mazoezi ni neno jingine. Watoto wakiimba jedwali la kuzidisha kwa sauti moja tangu mwanzo hata mwisho, twasikia mshindo mzuri. Lakini mwulize mmoja wao peke yake, kwa ghafula, mara saba nane ni ngapi. Ndipo utakapojua kama mzinga wake ulikuwa na risasi. Mtoto asomaye ukurasa ule ule kila siku huweza kuusoma hata kitabu kikiwa kimefungwa. Mpe ukurasa asioujua, naye atasimama kama chombo kisicho na upepo.

Na siku ya mkaguzi je? Iko desturi ya kuwafundisha watoto majibu ya maswali yanayojulikana, na kumketisha mbele yule ajuaye. Darasa hung'aa siku hiyo kama shaba ya Peacock. Kisha huja mtihani, ambao haumjui mkaguzi wala mwalimu, nao hupiga mwilini, wala si matangani.

Kwa maoni yetu mazoezi ya kweli yana alama nne. Kwanza, yafanane na kazi yenyewe: ajifunzaye kuandika barua na aandike barua, si kunakili barua ya kitabuni. Pili, yatoe jibu mara ile ile, ili mtu ajue amepata au amekosa kungali mapema, naye aweze kujirekebisha. Tatu, yaje wakati mwingine bila taarifa, na katika hali isiyo ya raha, kama pipa la Broke lililotupwa ghafula. Nne, wale watakaotenda pamoja na wazoezwe pamoja. Kwaya haifanywi na sauti nzuri zilizokutana asubuhi ya sikukuu.

Mazoezi ya namna hii yana gharama, wala tusidanganyane. Broke alitoa fedha yake, akachoma mali ambayo ingalimtajirisha. Mwalimu naye hutoa saa zake za jioni kusahihisha, na mwanafunzi hutoa fahari yake, maana mazoezi ya kweli humwonyesha makosa yake kila siku mbele ya wenzake. Ndiyo sababu wengi huyakimbia, wakapenda yale ya mshindo. Lakini makosa ya siku za mazoezi hulipwa kwa aibu kidogo. Makosa ya siku yenyewe bei yake ni nyingine.

Broke hakuamuru manowari tena baharini kwa sababu ya jeraha lake. Aliishi mpaka mwaka 1841. Wallis aliishi miaka 100, akafa mwaka 1892 akiwa na cheo kikubwa kabisa cha baharini. Mwaka 1830 Waingereza waliweka katika bandari ya Portsmouth shule ya kufundisha mizinga, na yale ambayo nahodha mmoja aliyafanya kwa fedha zake yakaanza kuwa kazi ya Serikali. Chesapeake nayo ilivunjwa, na mbao zake zikajengewa kinu cha kusaga nafaka katika kijiji cha Wickham, kusini mwa Uingereza, ambapo jengo lake lasimama hata leo.

Basi tukimwona mtu ameteleza siku yake, tumfariji kwa methali ya wazee, maana huruma haikatazwi. Lakini kesho yake twende naye kwenye miti, tuipande pamoja ikiwa imelowa mvua.